Taa za dagaa na mwanya wa nanomita 20

Leo hakuna mbalamwezi. Kutoka kwenye mawe ya Capri Point, hapa Mwanza, taa za wavuvi wa dagaa zinaonekana kama mji unaoelea ziwani. Za karibu zinahesabika moja moja. Za mbali, mbili zikisogeleana zinakuwa doa moja, na hata ukikodoa macho namna gani hazitengani.

Sinapsi, yaani viungo ambapo seli moja ya neva hupitisha ishara kwa nyingine, nazo ziko hivyo. Tangu mwaka 1873 Ernst Abbe alionyesha kwamba hadubini ya mwanga ina mpaka wa kutenganisha vitu vilivyo karibu, na kwa mwanga tunaouona mpaka huo ni kama nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Mwanya kati ya seli mbili za neva ni nanomita 20 hivi. Kwa hiyo tunachokiita picha ya sinapsi mara nyingi ni madoa mawili tu: kingamwili yenye rangi inayong'aa iliyoshika protini ya Bassoon upande unaotuma, na nyingine ya rangi tofauti iliyoshika protini ya Homer upande unaopokea. Madoa yakikaa ubavu kwa ubavu, tunaandika sinapsi moja. Kazi nzima ya miaka inaweza kusimama juu ya uamuzi huo mdogo, ndiyo maana unanikosesha usingizi.

Kwanza, kipande chenyewe cha ubongo. Kihifadhi chake ni paraformaldehaidi ya asilimia 4, pH 7.4, iliyotengenezwa karibuni. Ubongo ukilala humo muda mrefu mno, protini zilizosongamana upande wa kupokea zinafungana na kingamwili haipati pa kushika. Ukikata kipande cha mikromita 50, kingamwili haipenyi sawasawa hadi katikati; ukihesabu kina chote utadhani sinapsi zinapungua, kumbe ni rangi iliyoishia njiani. Hesabu tabaka la juu, kina kile kile kwa kila kipande.

Kioo cha kufunikia kiwe cha milimita 0.17, maana lenzi imetengenezwa kwa unene huo. Lenzi ya mafuta juu ya kipande kilichojaa maji inaharibu picha kadiri unavyozama: doa linarefuka kwenda chini, na madoa mawili yasiyojuana yanagusana.

Joto la Mwanza nalo lina lake. Kiyoyozi kinachowaka na kuzima kinaisogeza sampuli, na nanomita 100 zinapotea bila kelele. Washa leza na kiyoyozi saa moja kabla, pua ya kiyoyozi isielekee kwenye hadubini. Umeme ukikatika katikati, usiunganishe nusu mbili za picha, piga upya.

Rangi mbili pia hazitui mahali pamoja. Kabla ya kila siku ya kazi piga picha ya vipira vya nanomita 100 vinavyong'aa rangi zote, upime zimepishana kiasi gani, usahihishe. Hata kwa hadubini ya STED, ile aliyoibuni Stefan Hell kuvuka mpaka wa Abbe, hatua hii hairukwi. Inaonyesha madoa madogo zaidi, basi hata kosa dogo la mpishano linapotosha kipimo.

Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halina gharama: chukua picha ya Homer peke yake, izungushe nyuzi 90, iweke tena juu ya Bassoon, uhesabu upya. Jozi utakazopata sasa ni za bahati. Andika namba zote mbili kwenye daftari. Zikikaribiana, hesabu ya kwanza haina kitu ndani yake. Rudi kwenye kingamwili.

Kule ziwani taa mbili zimeachana sasa hivi. Zilikuwa mitumbwi miwili.