Nilivyowaeleza Wanangu Upasuaji Wangu wa Kupunguza Matiti

Nafanya kazi katika ofisi ya hesabu eneo la Posta, Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nguo zangu za kazini zilipangwa na kifua changu, wala si na mapenzi yangu. Blauzi iliyonikaa vizuri mabegani iliachia katikati ya kifungo cha pili na cha tatu, na ile iliyofunga vizuri kifuani ilining'inia mabegani na kiunoni kama ya kuazima. Suti za Kariakoo huuzwa koti na sketi pamoja, kwa saizi moja, ilhali mimi nilihitaji koti kubwa na sketi ya wastani. Nilitembea na pini za akiba kwenye mkoba na mtandio shingoni hata katika joto la Februari, na kwenye mikutano nilizoea kushika faili kifuani kila niliposimama kuzungumza.

Wenzetu walioko serikalini wana waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, unaokataza nguo za kubana na zinazoonesha maungo, na ofisi nyingi za binafsi zinafuata mwelekeo huohuo. Sina ugomvi na taratibu hizo, kwa sababu mimi mwenyewe napenda mavazi ya heshima. Kilichoniumiza ni kwamba gauni lilelile la kitambaa kilekile, ambalo mwenzangu alisifiwa nalo, mimi niliitwa pembeni na kuambiwa, "Dada, hebu jitahidi kujistiri." Nguo ilikuwa moja na urefu ulikuwa mmoja, ila miili ndiyo iliyotofautiana, na hakuna waraka unaoweza kumshonea mtu mwili mwingine.

Aliyenisaidia kwa muda mrefu ni fundi cherehani wa Ilala, mama mtu mzima ambaye hapimi kifua mara moja kama wengi wanavyofanya. Yeye hupima juu ya matiti, kisha penye matiti, kisha chini yake, halafu huandika pia umbali kutoka begani hadi kwenye chuchu. Sehemu ya mbele haikati kipande kimoja, bali huigawa kwa mishono miwili inayoanzia begani, ikapita katikati ya titi na kuteremka hadi kiunoni, ili kitambaa kifuate umbo bila kulibana. Katikati ya vifungo vinavyoonekana huongeza kifungo kidogo cha siri kwa ndani. Alinikataza vitambaa vinavyoteleza, akanishauri nitie bitana kwenye vitenge vyepesi, na kila mara aligeuza kitambaa mezani ili ua kubwa lisiangukie kifuani. Kwa mwanamke yeyote mwenye mwili kama niliokuwa nao, nasema bila kusita kwamba atafute fundi wa namna hiyo kabla hajafikiria daktari, kwa maana nusu ya aibu yangu ya ofisini aliimaliza yeye kwa mkasi na chaki.

Nusu nyingine hakuiweza. Mikanda ya sidiria ilikuwa imechimba mifereji mabegani mwangu, shingo iliniuma kila jioni, na chini ya matiti palitoka vipele kila msimu wa joto. Kusimama kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, mkono mmoja umeshika bomba juu na mwingine unakinga kifua, kulinichosha kabla sijaanza kazi. Mwaka 2023 watu wengi mjini walipoanza kuzungumzia huduma za upasuaji rekebishi zilizokuwa zikitolewa katika hospitali ya Mloganzila, nilianza kuuliza kwa makini, na baadaye nikaonana na daktari bingwa katika hospitali niliyoichagua. Alinieleza faida na hasara kwa utulivu. Kazi yenyewe hufanyika mgonjwa akiwa amelala kwa nusukaputi. Makovu yatabaki, na kwa ngozi zetu nyeusi huweza kuvimba na kuwa keloidi. Hisia kwenye chuchu huweza kupungua, na mwanamke anayetarajia kuzaa tena huenda asiweze kunyonyesha kikamilifu. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kuzaa. Baba watoto tulishauriana naye kwa muda, hasa kuhusu gharama, kwa kuwa bima kwa kawaida haigharamii upasuaji unaohesabiwa kuwa wa urembo, na tukaafikiana.

Lililobaki lilikuwa watoto. Binti yangu alikuwa na miaka 13 na mdogo wake wa kiume miaka 6. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Morogoro kutusaidia, alitoa ushauri ambao ninaamini familia nyingi zingeutoa, kwamba watoto waambiwe mama amekwenda semina Dodoma. Nilimjibu kwa adabu, "Mama, nikirudi nimefungwa bandeji kifuani wataogopa zaidi, na siku nitakayokwenda Dodoma kweli hawatalala." Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi waambiwe, lakini waambiwe na mimi mwenyewe, wasije wakasikia kwa jirani. Ninamshukuru mpaka leo kwa neno hilo.

Nilianza na mdogo, kwa kuwa hofu ya mtoto wa umri ule ni fupi na ina majibu. Nilichukua begi lake la shule, nikatia ndani paketi ya unga ya kilo mbili, nikamvalisha kwa mbele na kumwomba azunguke sebuleni, apande kwenye kochi, ainame kufunga viatu. Alipolalamika mabega yanauma, nikamwambia kwamba mama anabeba mzigo kama huo kila siku bila kuuvua, na daktari atampunguzia. Alitulia akifikiri, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Ni kwa sababu mimi nilinyonya sana?" Nilimkalisha mapajani na kumweleza kwamba matiti yangu yalikuwa makubwa tangu kabla hajazaliwa, na kwamba maziwa aliyonyonya yalimjenga yeye na hayakunidhuru mimi. Ninaomba kila mzazi alisikie swali hilo, kwa sababu mtoto mdogo akikosa maelezo hujitafutia kosa ndani yake mwenyewe. Akauliza pia kile kitakachotolewa kitapelekwa wapi, nikamjibu kwamba kitapimwa maabara kuhakikisha hakina ugonjwa, kisha hospitali itakiteketeza. Mwisho nikamweleza jambo lililomgusa kuliko yote, yaani kwamba kwa wiki kadhaa sitaweza kumbeba wala kulaliwa kifuani, ila atakaa ubavuni mwangu na kunishika mkono kadiri apendavyo.

Kwa binti mazungumzo yalikuwa mazito zaidi. Kwetu Uzaramo msichana hufundwa na somo, yaani kungwi wake, na mama hazungumzi na mwanawe mambo ya mwili waziwazi, hivyo nilimwomba mdogo wangu aje akae nasi, ili mwanangu awe na mama mdogo wa kumkimbilia endapo angeona haya kuniuliza mimi. Nilikuwa nimeamua jambo moja ambalo ndilo ninalolitetea hapa: sitajificha nyuma ya maumivu ya mgongo. Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba ni tiba tu. Lakini sababu zangu zilikuwa mbili na zote zilikuwa za kweli, maumivu pamoja na hamu ya kuvaa blauzi ya kawaida na kusimama mbele ya watu bila faili kifuani. Msichana wa miaka 13 huona zaidi ya tunavyodhani. Alikuwa ameniona nikibadilisha nguo mara nyingi mbele ya kioo kabla ya kutoka, na kama ningeficha sababu ya pili angejifunza kwamba kujali mwonekano ni jambo la kuonea aibu na kulifanya gizani.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, kwa hiyo matiti makubwa ni mabaya?" Alikuwa ameshaanza kukua, na alikuwa anarithi umbo langu, kwa hiyo nilijua anajiuliza yeye. Nilimwambia hapana, na nikamtajia shangazi yake mkubwa, ambaye ana mwili kama wangu, anavaa anavyotaka na hajawahi kulalamika, nikamweleza kwamba mwili mmoja unaweza kuwa raha kwa mtu na mzigo kwa mwingine. Kisha akauliza kama ni baba yake aliyetaka. Nilimwita baba yake, akamjibu mwenyewe kwamba angenipenda vilevile nisipofanya, na kwamba mwili ni wa mama.

Swali la tatu ndilo lililonikalisha kitako. "Umetukataza mkorogo, ukasema tusibadilishe alivyotuumba Mungu. Hiki kina tofauti gani?" Nilimweleza kwamba mkorogo mwingi una zebaki au haidrokwinoni, ambazo nchini kwetu zimepigwa marufuku kwenye vipodozi kwa sababu zinadhuru ngozi na zebaki hudhuru figo, kwamba hupakwa bila daktari na hauna mwisho, kwani mtu akiacha rangi hurudi. Upasuaji wangu ungefanywa na mtaalamu, baada ya vipimo vya damu, presha na picha ya matiti, na ungefanyika mara moja. Lakini sikutaka kumwambia kwamba ni vitu visivyohusiana hata kidogo, kwa sababu isingekuwa kweli. Nilikiri mbele yake kwamba macho ya watu yalikuwa na sehemu katika uamuzi wangu, na kwamba nilijiuliza muda mrefu kama ningefanya hivyo hata kama ningekuwa naishi peke yangu. Jibu langu lilikuwa ndiyo, kwa sababu ya mabega na shingo. Nikamwambia kwamba swali hilo ndilo la kujiuliza kabla ya kugusa mwili wako kwa namna yoyote, iwe kisu, iwe krimu, iwe sindano zinazotangazwa mitandaoni za kuongeza makalio. Mama mdogo aliongeza kwamba dawa inayouzwa bila kumwona mgonjwa si dawa, na hapo binti akacheka, akaanza kuuliza kuhusu makovu.

Jambo la mwisho tulilozungumza sote wanne lilikuwa nani ataambiwa. Niliwaambia kwamba hakuna la aibu, lakini ni habari ya mwili wa mama, hivyo wanaweza kuizungumza na baba, bibi na mama mdogo wakati wowote, na mtu mwingine akiuliza wamjibu, "Muulize mama mwenyewe." Jibu hilo lilimtosha hata yule wa miaka 6.

Tulichagua mwezi Juni, wakati shule zimefungwa na Dar es Salaam ina upepo, kwa kuwa jasho si rafiki wa kidonda. Nilitumia likizo yangu ya mwaka, ambayo kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 si chini ya siku 28, na ilinitosha kwa sababu kazi yangu ni ya kukaa. Upasuaji ulikwenda salama na majibu ya maabara yalikuwa mazuri. Nguo ndizo zilizohitaji maandalizi ambayo hakuna aliyenidokeza: mikono hainyanyuki, kwa hiyo dera na kila nguo ya kuvaliwa kichwani haifai mwanzoni, na mimi niliishi kwa mashati ya baba watoto, khanga, na sidiria laini ya kubana isiyo na chuma, ambayo niliivaa mchana na usiku. Binti aliomba kuona mshono. Nilisubiri mpaka kidonda kikauke, kisha nikamwonesha unavyozunguka chuchu, unavyoshuka chini na kupita kwenye kunjo la chini ya titi. Aliutazama bila haraka na kusema ni mrefu kuliko alivyofikiri. Nilifurahi kwamba aliona bei ya jambo lenyewe kwa macho yake, maana picha za mitandaoni zinaonesha nguo tu.

Niliporudi ofisini sikukimbilia kushona. Uvimbe huchukua miezi kuisha, kwa hiyo nilimpelekea fundi blauzi mbili tu azipunguze, na suti mpya nikaiacha hadi mwishoni mwa mwaka. Wenzangu waliuliza nimekula nini hata nikapungua hivyo. Wale wa karibu niliwaambia ukweli, wengine niliwashukuru kwa salamu.

Mwaka uliofuata binti alianza kutembea ameinamisha mabega, na shati lake la shule lilikuwa linaachia palepale langu lilipokuwa likiachia. Nilimpeleka Ilala, akapimwa mara tatu kama nilivyokuwa nikipimwa mimi, na tukanunua sidiria za saizi yake halisi badala ya zile za kubana alizokuwa akijifichia. Njiani alinidadisi kama akifika miaka 18 nitamruhusu kufanya kama mimi. Nilimweleza kwamba madaktari kwa kawaida husubiri matiti yaache kukua, na kwamba wakati huo ukifika, kama mwili wake utakuwa unamuumiza, nitamsindikiza kwa daktari akaulize mwenyewe, naye atakuwa ameshayajua makovu yangu. Kesho yake alimuuliza baba yake swali hilohilo, akapata jibu lilelile, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tumeshakubaliana kabla hajauliza.