Korongo wa Mida

Juzi kwenye kundi la ukoo ililetwa tena ile picha ya korongo kasimama majini, na chini yake: Subira yavuta heri. Amina zikamiminika. Binti wa dada, ambaye bado hajajua kuwa mle hakuulizwi maswali, akaandika: “Mbona shingo yake imevunjika?” Hakuna aliyemjibu.

Mimi kwa mawazo nilikuwa nimeshafika Mida, hori ya bahari pwani ya Kenya, siku ile ya zamani. Maji yamekupwa, mtumbwi umekwama topeni, nami na Mjomba tumekaa ndani yake tukingoja yajae. Ng’ambo, chini ya mikoko, korongo wa kijivu.

Alikuwa akitembea. Mguu ulitoka majini vidole vimefumbwa, ukakaa hewani kidogo, vikafumbuka, akakanyaga; maji hata hayakutikisika. Kisha akasimama. Shingo ikarudi nyuma, ikajipinda herufi S, na katikati ya pindo pakatokeza pembe kali. Kweli ungesema imevunjika.

“Waona, mwanangu?” Mjomba akanong’ona. “Subira hiyo.”

Tukangoja naye. Mbu wakatula. Halafu kichwa kilichokuwa juu kikawa majini, na safari ya huko kwenda sikuiona. Kilipoinuka kilikuwa na mkizi mdomoni, anapapatika. Akamgeuza, akamtanguliza kichwa, akammeza, na uvimbe ukashuka shingoni pole pole mpaka ukapotelea kwenye manyoya ya kifua.

Baadaye sana nikasoma habari za ile pembe. Shingo ya mtu ina mifupa 7, ya twiga nayo 7, ya korongo wa aina hii kama 20. Wa sita kutoka kichwani ni mrefu kuliko wenzake, na hapo ndipo shingo inapovunjia pindo lake na kupata nguvu ya kuurusha mdomo. Hata akiruka huikunja mabegani, si kama heroe anayeruka kaitandaza yote mbele.

Kwa hiyo ile subira ya Mjomba imenipa taabu. Ndege yule hakuwa amekaa tu; alikuwa ameshaivuta manati muda wote, akisubiri kuiachia. Labda ndiyo subira yenyewe. Labda tulimsingizia.

Jioni Mjomba aliwasimulia nyumba nzima somo la korongo. Nikauliza, basi mbona wavu wetu, tulioungoja tangu alfajiri, umetupa kaa mmoja na tundu? Akaniambia nikalete maji ya kunawa.