Viwavi wa hariri, kutoka yai hadi upepeo: kumbukumbu ya mradi wa watoto, Hangzhou

Qingming (mwanzo wa Aprili)

Kona hii ni ya watoto wa miaka 7 hadi 10. Kazi yao ni kulea viwavi wa hariri tangu yai hadi nondo, na hapo hapo wajue mila za wakulima wa bonde la Ziwa Tai, yaani Huzhou, Suzhou na Hangzhou yenyewe. Shule za msingi za China hufundisha ulezi huu katika sayansi ya darasa la tatu, lakini mara nyingi mila huachwa kwenye kitabu kingine. Sisi tunaiweka kila mila siku ile ambayo kiwavi mwenyewe anaidai. Mtoto akishaona mdudu huyu anavyokufa kwa jambo dogo, hahitaji hotuba juu ya mila.

Ratiba yetu ni vipindi 24 vya jua, ile kalenda ya wakulima iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016. Kila kipindi ni siku 15 hivi, na vichwa vya kumbukumbu hii ni majina ya vipindi hivyo. Mforsadi, mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi, huifuata vizuri: wakati wa Qingming machipukizi yanafunguka, na ukifika Guyu yamekuwa majani.

Mayai huja yamegandishwa kwenye karatasi na yamelala friji tangu baridi, kwenye nyuzi 3 hadi 5. Yai zima ni la kijivu na lina kibonyeo kidogo katikati. Lililobaki njano halikurutubishwa, na lililosinyaa limekufa. Hapa ndipo miradi mingi ya shule huharibikia: mayai hutolewa kwa sababu watoto wana hamu, na mti bado mtupu. Kinda akitoka bila jani laini hamalizi siku mbili. Wengi hukimbilia letusi. Viwavi huila, lakini hukua polepole, huhara kwa wingi wa maji, na wachache wanaofika mwisho husuka vifukofuko vyembamba. Kwa hiyo: hesabu majani kwanza. Tawi likiwa na majani manne au matano yaliyofunguka, ndipo utoe mayai.

Siku hizi ndizo watu wa Huzhou hupanda kwa msongamano kilima cha Hanshan, wanawake wakiwa na maua ya karatasi nywelani kuombea msimu wa viwavi. Tunakata maua hayo kwa karatasi nyepesi nyekundu: miraba mitano ya sentimita 8, kunja kama feni, funga uzi katikati, punguza ncha kwa mkasi, kisha vuta tabaka moja moja. Karatasi nzito haifunguki, huchanika kwenye uzi.

Kuelekea Guyu (tarehe 20 Aprili)

Joto la mayai ni nyuzi 24 hadi 25, kwa siku 10 au 11. Kitambaa chenye unyevu kiwe kando, kisiguse mayai. Nukta nyeusi ikionekana kwenye yai (ni kichwa hicho), zimebaki siku mbili. Funika kwa kitambaa cheusi, kifunue alfajiri ya siku ya tatu, na wengi watatoka asubuhi ile ile. Usipofanya hivyo watatoka kwa siku nne tofauti, na kundi lisilolingana ni tabu hadi mwisho, kwa sababu wengine wanakula huku wengine wanajivua ngozi.

Kinda ana milimita 2 au 3, mweusi. Usimguse kwa kidole. Tumia brashi laini, au unyoya wa bata bukini kama wakulima wa huku. Jani la siku za kwanza ni lile linalong'aa karibu na ncha ya tawi, lililokatwa vipande vya milimita 3. Funika sinia kwa karatasi ya nta yenye matundu madogo, kwani jani likikauka kinda hawezi kulitoboa. Chumba kiwe nyuzi 26 au 27.

Majani yachumwe umande ukishakauka, yatunzwe ndani ya chungu kilichofunikwa kitambaa kibichi. Jani lenye matone lifutwe. Maji kidogo hayamuui kiwavi moja kwa moja, ila hulowesha kinyesi, kinyesi huota ukungu, na ugonjwa huanzia hapo.

Dawa za wadudu ni balaa zaidi. Miti ya bustani na ya barabarani hupuliziwa. Jani la mti mpya wape kwanza viwavi watatu tu, ungoje nusu siku. Akitapika maji ya kijani na kutikisa kichwa ovyo, tupa majani yote ya mti huo. Koili ya mbu ni sumu kwao, hata kama iliwashwa jana kwenye chumba hicho. Tumbaku vilevile: aliyevuta sigara anawe mikono kwa sabuni, au afadhali asiingie kabisa.

Ndiyo siku ya kuwaeleza watoto desturi ya kufunga milango. Zamani, mwezi wa viwavi ukianza, nyumba za Jiangnan (eneo hili la kusini mwa mto Yangtze) hazikupokea wageni, majirani hawakutembeleana, na mshairi Fan Chengda wa enzi ya Song aliiandika hali hiyo. Tunabandika karatasi nyekundu mlangoni, na anayeingia ni mwenye zamu peke yake.

Kati ya Guyu na Lixia

Kiwavi hujivua ngozi mara nne. Anaacha kula, anainua kichwa, ngozi inang'aa, na anakaa hivyo siku nzima au zaidi kidogo. Watoto hudhani amekufa. Usimlishe, usimsogeze: ameshikilia hariri aliyoitandika chini ya miguu, na ukimvuta ngozi ya zamani humkwama nyuma na kumnyonga. Nyunyiza chokaa kavu nyembamba ili majani yaliyobaki yanyauke. Anza kulisha tena pale karibu wote wamekwisha kujivua.

Kwa kuwa siku hizi sinia halihitaji kazi nyingi, tunafinyanga paka. Panya hula viwavi, na kilima cha Banshan, kaskazini mwa Hangzhou, kinajulikana kwa paka wa udongo waliowekwa vyumbani mwa viwavi kuwatisha. Udongo wa mfinyanzi, ukuta wa sentimita 1, tumbo tupu, tundu dogo chini. Akaukie kivulini siku tatu au nne. Ukimweka juani masikio hupasuka kwanza, kwa sababu hukauka kabla ya kiwiliwili. Rangi nyeupe hutangulia, kisha madoa meusi, macho mwisho. Paka wa udongo hazuii sisimizi, hivyo miguu ya meza yetu inasimama ndani ya makopo ya maji.

Lixia hadi karibu na Xiaoman (Mei)

Rika la tano, yaani baada ya kujivua mara ya nne, ndilo linalomaliza majani. Kiwavi mmoja hula gramu 20 hadi 25 maisha yake yote, na zaidi ya asilimia 80 ya hizo ni katika wiki hii ya mwisho. Viwavi mia wanahitaji kilo mbili na ziada. Anayeanza na mayai 400 bila kuwa na miti afikirie tena. Kwa darasa moja, 100 ni wengi wa kutosha. Wakae kwenye ungo wa mianzi wa kipenyo cha sentimita 60, majani mazima mara tatu au nne kwa siku, ya mwisho usiku yawe mengi. Joto sasa lishuke hadi nyuzi 23 au 24, na madirisha yafunguliwe.

Kusafisha: tandaza wavu juu yao, weka majani mapya juu ya wavu, wakishapanda unyanyue wote pamoja. Kinyesi kisitupwe. Huko Huzhou kiliingia kwenye mabwawa ya samaki, tope la bwawa likazolewa na kurudishwa kwenye kingo kulisha miforsadi. Mfumo huo wa kingo na mabwawa uliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya urithi wa kilimo mwaka 2017. Watoto wanauchora kwa mishale, halafu wanamwaga kinyesi kwenye shina la mti wa uani.

Xiaoman (tarehe 21 Mei)

Kiwavi aliyekomaa hupungua urefu, huwa kama kioo cha njano ukimwangalia dhidi ya mwanga, na huzungusha kichwa. Mwache kwanza atoe kinyesi laini na mkojo wa mwisho, la sivyo atachafua hariri. Hapa tunawagawa: wengine wasuke vifukofuko, wengine upepeo. Wa vifukofuko huingia kwenye fremu ya kadibodi yenye vyumba, kila kiwavi na chumba chake. Wawili wakijikuta pamoja husuka kifukofuko kimoja ambacho nyuzi zake zimesokotana na hazikokoteki, yaani hazifunguki kuwa uzi mmoja. Hivyo ndivyo vinavyovutwa kuwa pamba ya hariri ya mablanketi ya Huzhou, wala havitupwi.

Kwa upepeo, yaani feni ya mkono ya hariri bapa, wamba kitambaa chepesi cha wavu kwenye fremu ya duara ya sentimita 20, iweke juu ya bakuli, na weka viwavi 15 hadi 20. Bila kona ya kushikia, hulazimika kusuka bapa. Watakuwa wanatembea ukingoni na kuanguka. Zamu ya mtoto ni kuwarudisha. Mwanga uwe hafifu na sawa pande zote, kwani wote hukimbilia giza na upande mmoja huwa mzito. Geuza fremu siku ya pili. Wakimaliza hujigeuza pupa wakiwa uchi. Walaze kwenye pumba kavu.

Vifukofuko visivunwe kabla ya siku ya saba, kwa kuwa pupa changa hupasuka na kutia doa. Kukokota ni kazi ya mtu mzima kwenye moto: dakika chache kwenye maji yanayokaribia kuchemka, kisha beseni la maji ya vuguvugu. Ukizidisha, gundi huyeyuka yote na hariri hutoka mafungu. Pekecha kwa kifagio kidogo mpaka ncha zishike, unganisha nyuzi za vifukofuko saba au nane, kunja kwenye fremu. Uzi wa kifukofuko kimoja hufika mita 1,000 hivi. Hakuna mtoto anayeumaliza. Pupa hufa kwenye maji hayo, na tunawaambia wazi kabla ya kuanza. Asiyetaka anabaki na upepeo.

Kwenye ukuta, picha mbili zinatosha: nusu ya kifukofuko kilichokatwa, alichokifukua mwanaakiolojia Li Ji kijijini Xiyin mwaka 1926, na vipande vya hariri vya Qianshanyang, Huzhou, vyenye zaidi ya miaka 4,000. Hadithi ya Leizu, mke wa Mfalme wa Njano, na kifukofuko kilichoangukia chai ya moto inasimuliwa kama hadithi.

Mangzhong (mwanzo wa Juni)

Nondo hutoka alfajiri, hawali, hawaruki. Jike hutaga mayai 300 hadi 500 kwenye karatasi ngumu. Mayai ya njano yakigeuka kijivu ndani ya siku chache, yamelala usingizi wa baridi. Yakae kivulini kiangazi chote kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa plastiki, na yaingie friji Desemba. Walio nyanda za juu za Kenya au Tanzania, ambako mforsadi una majani karibu mwaka mzima, friji ndiyo baridi yao: bila miezi ya ubaridi, mayai ya namna hii hutoka machache na bila mpangilio.

Matawi ya mforsadi yamekatwa wiki hii hadi kwenye kisiki, kama wafanyavyo mashambani baada ya msimu wa kwanza. Machipukizi ya Agosti yatakuwa ya kundi la vuli, na kundi hilo litakuwa dogo zaidi: viwavi 40.