Siku moja maishani mwangu: usiku wa kugeuza barafu kuwa uwanja wa kikapu

Delta Center, katikati ya Salt Lake City jimboni Utah, ina timu 2 chini ya paa moja: Utah Jazz wa mpira wa kikapu na Utah Mammoth wa magongo ya barafuni. Leo usiku ni barafu, kesho jioni ni kikapu, na wiki hiyohiyo huenda kukawa na tamasha la muziki. Katikati ya matukio hayo iko zamu ya usiku, ndiyo hii. Saa zote hapa chini ni za Kiswahili: saa 3 usiku ni ile ambayo Wamarekani huiita 9.

Saa 3:00 usiku

Mechi iko kipindi cha 3, ambacho ndicho cha mwisho. Chini, kwenye njia pana nyuma ya viti, mikokoteni inapangwa kinyumenyume: kitakachotumika mwisho kinaingia ndani kabisa, kitakachotumika kwanza kinabaki mlangoni. Mpangilio huu ukikosewa sasa, saa 7 usiku foklifti 2 zitakutana uso kwa uso kwenye njia isiyotosha zote.

Kikao cha usalama ni dakika 10. Nani anaongoza foklifti kwa ishara, nani yuko kwenye vioo, milango ipi ya dharura isizibwe hata kwa dakika moja. Viatu ni vya chuma vidoleni, na wanaoingia kwenye barafu wanafunga njumu juu yake. Salt Lake City ina familia nyingi za Kongo na Burundi, kwa hiyo "shusha", "polepole" na "simama!" si maneno mageni usiku huu.

Saa 3:45

Mechi imekwisha. Magoli yanang'olewa kwenye vigingi vyake, na matundu yanajazwa theluji iliyokandwa na maji ili yasibaki mashimo.

Kisha Zamboni, gari la kulainisha barafu, inapita mara ya mwisho, nayo inanyoa tu, haimwagi maji. Wageni wa kazi hii hushangaa, maana wamezoea kuiona ikiacha utando wa maji unaong'aa. Usiku wa kugeuza, utando huo ni adui. Mabamba ya kufunikia yakilazwa juu ya maji, maji yanaganda na kuyagandisha mabamba kwenye barafu kama gundi. Siku ya kuyatoa itabidi kuyabandua kwa mtaimbo, na kila bamba litaondoka na kipande cha barafu. Barafu yenyewe ni nyembamba, sentimita 2.5 hadi 3 tu juu ya zege lenye mabomba ya kimiminika baridi, kwa hiyo hakuna akiba ya kuchezea.

Saa 4:15

Vioo. Nyuma ya magoli vina urefu wa kama mita 2.4, pembeni ni vifupi zaidi. Kioo halisi cha milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa kila mita ya mraba, hivyo kipande cha mita 1.2 kwa 1.8 kinakaribia kilo 65. Akriliki, yaani plastiki ngumu inayopenyeza mwanga, ya unene huohuo haifiki nusu ya uzito huo, ila inakwaruzika haraka na haitaki kufutwa na kitambaa kikavu.

Kila kipande kina namba na kinarudi kwenye nafasi yake katika mkokoteni. Wawili wanashika kwa vishikio vya kunyonya, wa tatu anafungua nguzo. Kishikio kikibandikwa kwenye kioo chenye ukungu au vumbi la barafu huteleza, basi kwanza futa, kisha bandika, kisha kitikise kabla ya kunyanyua. Kona ndiyo sehemu dhaifu ya kioo kilichotiwa moto kiwandani ili kiwe kigumu: kikigusa zege kwa kona, kinasambaratika chote, na punje zake zikiingia chini ya sakafu ya mbao zitasikika kwenye kila mdundo wa mpira.

Ukuta wa pembeni wenyewe una kimo cha kama sentimita 107. Vipande vinavyozuia njia ya majukwaa ya viti vinafunguliwa na kutolewa.

Saa 5:00

Sasa kufunika. Kiwanja cha barafu ni mita 61 kwa 26. Mabamba ya kuzuia baridi ya mita 1.2 kwa 2.4 yanahitajika kama 500, na vipande vya kukatwa kwa ajili ya kona za duara. Hayalazwi kwa mistari iliyonyooka pande zote mbili. Viungo hupishanishwa kama matofali ukutani, ili uzito wa foklifti usipite kwenye kiungo kimoja kirefu na kuyafungua.

Pengo la upana wa kidole halionekani kuwa kitu usiku huu. Kesho saa 1 jioni ndipo linapojionyesha: baridi inapanda kupitia pengo, ubao ulio juu yake unapoa, na mstari wa unyevu unatokea mahali ambapo mtu wa kilo 110 anakata kona kwa kasi. Kwa hiyo tochi inalazwa chini kabisa, mwanga ukimulika sambamba na sakafu, na kila kivuli kinapigwa kwa nyundo ya mpira hadi kipotee.

Wakati huohuo fundi wa mitambo anapandisha kidogo joto la kimiminika kinachozunguka chini. Barafu iliyofunikwa haipigwi tena na taa wala pumzi za watu, na mitambo ikiachwa ilivyokuwa wakati wa mechi, barafu itazidi kupoa bila sababu na kuvuta joto la sakafu iliyo juu yake.

Saa 6:20

Majukwaa ya viti. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sababu ya ukarabati wa ukumbi uliofanyika kiangazi cha 2025.

Ukumbi huu ulifunguliwa Oktoba 1991 na bakuli lake la viti lilichorwa kwa ajili ya kikapu: viti vimebana, vina mwinuko mkali, na vinakaribia mistari. Kwa kikapu ni raha tupu. Lakini uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28.65, na wa barafu una mita 61. Tofauti hiyo ukiigawa pande 2, kila ncha inaingia zaidi ya mita 16 mahali palipokuwa viti. Aliyeketi juu, upande wa ncha, jicho lake linagonga ukingo wa viti vya chini yake, na goli lililo karibu naye linamezwa na ukingo huo.

Barafu haikuwa ngeni hapa. Kwenye Olimpiki ya 2002 ukumbi ulibeba mashindano ya kuteleza kwa madaha na mbio fupi za barafuni. Timu ya NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini, kutoka Arizona ilipohamia mwaka 2024, ikacheza mechi yake ya kwanza Oktoba 8 dhidi ya Chicago Blackhawks, tatizo la jicho likawa tatizo la kila wiki: ni viti kama 11,000 tu vilivyoona magoli yote 2, katika ukumbi unaoketisha zaidi ya 18,000 kwenye kikapu. Ukarabati wa 2017, wa dola milioni 125, ulikuwa umeshughulikia viti, korido na sehemu za chakula. Haukugusa pembe ya jicho.

Kazi ya kiangazi cha 2025 ndiyo iliyoigusa. Sakafu ilipandishwa kwa kama futi 2, yaani sentimita 60, na viti vya chini vikawekewa mfumo wa majukwaa yanayoingia na kutoka kama droo. Sentimita 60 zinasikika kidogo. Piga hesabu: jicho linalotazama chini kwa pembe ya nyuzi 30, kila sentimita 60 za kupandisha sakafu zinalifungulia kama mita 1 zaidi ya uwanja. Goli linalomezwa kwa mita 1 linaonekana lote. Ukipandisha mno, unaharibu upande wa pili: waliokaa mstari wa mbele wanajikuta wanatazama visigino vya wachezaji. Kwa maoni yangu, hakuna pesa ya ukarabati iliyotumika vizuri kuliko hii, hata kama mgeni akiingia hataiona.

Kuvuta majukwaa kwenyewe ni kwa mwendo wa konokono. Viti vyote vinalazwa kwanza. Mtu mmoja kila upande, mmoja kwenye kidhibiti, hakuna anayepita chini. Kinachokwamisha mara nyingi ni chupa au kikombe kilichodondoka nyuma ya ngazi: gurudumu la upande mmoja linapanda juu yake, upande huo unachelewa, jukwaa linakaa mshazari na kubana. Kosa kubwa ni kuongeza nguvu. Linarudishwa nyuma nusu mita, takataka inatolewa, ndipo linaanza upya. Kwa hiyo wanaofagia wanatangulia, hata kama msimamizi anaona dakika zinakwenda.

Saa 7:30

Chakula, nusu saa. Sakafu inabaki tupu, na huo ndio muda wa mafundi wa juu, kwa sababu hakuna kinachonyanyuliwa wala kushushwa huku watu wako chini.

Wanaangalia sehemu za paa ambapo vifaa vya tamasha la wiki hii vitaning'inizwa. Muziki unaleta winchi nyingi za mnyororo, kwa kawaida za tani 1 kila moja, na si kila winchi inaangukia chini ya boriti. Inapobidi ining'inie katikati ya boriti 2, inafungwa kwa nyaya 2 zinazokutana kama herufi V. Kadiri V inavyolala, ndivyo kila waya unavyobeba zaidi: kwa nyuzi 45 kutoka usawa wa sakafu, kila waya unabeba asilimia 71 ya mzigo, kwa nyuzi 30, kila mmoja unabeba mzigo wote. Tani 1 chini, tani 1 kwenye kila waya, na boriti zinavutwa kuelekeana pia. Ndiyo maana mchoro wa tamasha unafika kwa mhandisi kabla malori hayajafika getini.

Kwa tamasha, sakafu ya mbao haitumiki kabisa. Jukwaa linasimama juu ya mabamba ya kufunika barafu, na kila mguu unawekewa kipande cha mbao nene chini yake ili uzito usambae.

Saa 8:00

Mbao. Ni maple, mbao ngumu ya mti wa jina hilo, vipande vya mita 1.2 kwa 2.4, kila kimoja kilo 80 na ushei. Uwanja pamoja na pambizo zake unakula zaidi ya vipande 200, kila kimoja na namba mgongoni.

Tunaanzia mstari wa katikati na kwenda nje pande zote 2. Mstari wa kwanza unafuata uzi uliokazwa, na haukubaliwi mpaka upimwe mara 2. Ukipotoka milimita 3 hapa, kufikia ncha mstari wa mwisho wa uwanja hautalingana na kikapu, na dawa yake ni moja tu, kuvua na kuanza upya. Vipande vinasukumwa kwa kugonga kipande cha mbao laini kilichowekwa kati, kamwe si nyundo moja kwa moja, kisha pini za chuma zinaingizwa kwenye viungo.

Pini isipoingia, usiilazimishe. Ama kuna uchafu kwenye ulimi wa ubao, ama ubao umevimba. Maple hunywa unyevu. Inataka kuhifadhiwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Hewa ya Utah ni kavu na hilo linatusaidia, lakini mkokoteni ulioegeshwa karibu na geti la malori siku ya theluji unatosha kuvimbisha vipande vya juu.

Kisha mmoja wetu anatembea na mpira, akidundisha kila kipande. Mdundo mzuri unarudi mkavu na mkali. Mdundo mzito, uliokufa, maana yake kuna nafasi wazi chini au kuna kitu kimelaliwa na ubao. Hapo tunafungua.

Saa 10:45

Vikapu. Pete ni mita 3.05 kutoka mbao zilizolazwa, si kutoka zege, na inapimwa mbele, kushoto na kulia. Uso wa kioo kilicho nyuma ya pete uko mita 1.22 ndani ya mstari wa mwisho. Pimamaji inawekwa juu ya pete baada ya uzito wa nyuma kufungwa, kwa sababu mkono unainama kidogo ukishakazwa. Nyaya za saa ya sekunde 24, inayohesabu muda wa timu kurusha mpira, na taa nyekundu zinapita nyuma ya nguzo, zikifungwa mbali na miguu ya wapiga picha.

Saa 12:30 asubuhi

Meza, viti vya pembeni, mopu kavu, kisha mopu yenye unyevu kidogo.

Kipimo cha mwisho ni cha umande. Hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50 inaanza kutoa maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 9 au chini. Tunamulika kipimajoto cha mionzi kwenye mbao, kila mita chache, hasa juu ya viungo vya mabamba. Tunataka nafasi ya kutosha juu ya 9, maana asubuhi ukumbi ni mtupu, na jioni watazamaji wataongeza unyevu. Mtu mmoja aliyeketi hutoa kama gramu 50 za mvuke kwa saa. Watu 18,000 wanaleta kama lita 900 za maji hewani kila saa, na mitambo ya hewa lazima izivute zote.

Saa 1:30

Pini zinahesabiwa. Zilizotoka kwenye sanduku, zilizoingia kwenye viungo, zilizobaki. Hesabu ikipungua hata 1, timu haipewi uwanja kwa mazoezi ya saa 4, na tochi zinarudi chini. Leo zimetimia. Karatasi inasainiwa, inakabidhiwa zamu ya mchana pamoja na vipimo vya joto vya viungo 3 vya upande wa kaskazini, wavipime tena saa 6.