Baba akirudi na mbalamwezi

Mnaokaa mjini pengine hamjui, ila huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kalenda yetu ni mwezi wa juu. Dagaa anavuliwa giza, wavuvi wanawasha taa ziwani dagaa wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikitoka taa haina kazi tena, watu wanarudi nyumbani wanapumzika siku kadhaa mpaka giza lianze. Baba watoto wangu giza lote yuko dago, yaani kambi ya wavuvi kisiwani, tunamuona mbalamwezi tu. Naanza na hili kwa sababu ndo lilikuwa jibu la swali nililoulizwa kliniki na sikuwahi kulifikiria hata siku moja: huyu mtoto anachafuka siku zipi?

Mtoto wangu wa pili, humu nitamuita Masanja, sio jina lake, ana miaka 10. Mwaka jana wote nimeishi kwa kuitwa shule. Kampiga mwenzake jiwe, kajibizana na mwalimu mbele ya darasa, kachana daftari la mtu. Halafu kuna wiki mbili alikuwa anatoka nyumbani na begi asubuhi, kanawa vizuri kabisa, na shule hafiki, nikaja kumkuta mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anakomba maji kwenye mitumbwi analipwa vidagaa anauza. Hela ya mchezo wetu wa akina mama ikapotea elfu kumi na mbili, nikaikuta kwenye soksi yake. Nyumbani ukimtuma kitu ni vita. Mtukutu, kichwa ngumu, jeuri, mkaidi, yaani majina yote alishapewa. Mama mkwe alisema ni jina la babu linamsumbua, tukafanya mambo ya kwetu kama inavyotakiwa, na sijutii maana lile lilikuwa jambo la kuheshimu wakubwa, ila Masanja alibaki vile vile.

Viboko? Alichapwa sana. Shuleni alichapwa, nyumbani nimemchapa mimi, na baba yake akirudi anapokea ripoti ya siku zote alizokuwa hayupo anamchapa kwa mkupuo. Naandika hivi nikiwa na uchungu.

Aliyenisukuma kwenda hospitali ni dada mmoja tunasali naye, nesi, akaniambia mama Masanja huyo mtoto mlete kliniki ya afya ya akili. Nilikasirika kwanza, nikasema mwanangu sio kichaa. Akanijibu kwa upole kwamba hajasema kichaa, tabia ya mtoto nayo inapimwa kama homa inavyopimwa. Nikapanda daladala na mtoto tukaenda.

Nikapewa fomu ya maswali 25. Baadaye nilikuja kujua ilitengenezwa Uingereza miaka ya 90 na daktari anaitwa Robert Goodman, sasa hivi ipo kwa lugha nyingi na Kiswahili imo. Kila swali unajibu si kweli, au kweli kiasi, au kweli kabisa. Anapata hasira kali? Kweli kabisa. Anapigana na watoto wenzake? Kweli kabisa. Anadanganya? Anaiba? Nikawa naweka alama kama mtu anayesoma mashtaka. Halafu likaja swali kama ana huruma kwa watoto wadogo. Nikasimama hapo na kalamu. Kwa sababu Masanja ndiye anayembeba mdogo wake mgongoni, ndiye anayemmenyea samaki miba mpaka anahakikisha na mwanga. Kweli kabisa. Na lingine, anajitolea kusaidia watu? Kugeuza dagaa kwenye chanja asubuhi mwezi mzima wa giza ni nani anafanya na mimi kama sio yeye? Kweli kabisa. Nikalia pale kwenye benchi, watu wakadhani nimefiwa. Mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza zuri la huyu mtoto, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuliona.

Daktari, kijana tu, alinielezea kwamba fomu peke yake haitoi jibu, inaonyesha tu pa kuangalia. Akauliza mengi, usingizi, masikio, kama alishawahi kuanguka akaumia kichwa, kama darasani anaweza kutulia, maana watoto wengi wenye shida hii wana na ile ya kushindwa kutulia pamoja. Akaniambia wataalamu wanatenganisha vitu viwili. Kuna ukaidi uliopitiliza, wa hasira na ubishi na kulipiza kisasi, ambao lazima uwe umedumu angalau miezi 6, sio wiki mbili za mtoto kuchukia. Na kuna tatizo la mwenendo, hilo ni zito zaidi, kuumiza watu, kuiba, kuharibu mali, kutoroka, wanalo orodha ya dalili 15 na mtoto awe ameonyesha angalau 3 ndani ya mwaka mmoja. Nikamwambia basi mpe dawa. Akasema kwa ukaidi hakuna kidonge cha kuanza nacho, dawa ni kwa hali ngumu sana na chini ya uangalizi, kinachoanza ni mafunzo kwa mzazi. Kwa mzazi! Nimekuja na mtoto mgonjwa, dawa napewa mimi. Niliondoka nimenuna, nasema ukweli.

Ila neno likanikaa. Nina form four yangu na kiingereza cha kusoma polepole, nikawa usiku watoto wakilala nasoma kwenye simu, bando likiisha naweka lingine, na nisipoelewa namtumia yule nesi wasap ananifafanulia. Nikakutana na mtu anaitwa Gerald Patterson, alikuwa Oregon kule Marekani. Yeye na wenzake hawakukaa ofisini kuwauliza wazazi, walituma watu waende kukaa nyumbani kwa familia zenye watoto kama Masanja, waandike kila kinachotokea, nani kasema nini, nani kajibu nini, dakika kwa dakika. Walichokiona nitakisema kwa mfano wa kwangu maana ndo kile kile. Namwambia Masanja kachote maji. Anasema kwanini mimi. Napandisha sauti. Na yeye anapandisha. Natukana, anatupa ndoo, anapiga kelele mpaka jirani anachungulia. Nachoka, nachukua ndoo naenda mwenyewe. Hapo Masanja kajifunza kwamba akifika kiwango fulani cha kelele maji hachoti. Na mimi nimejifunza, hili ndo sikulijua, nimejifunza kwamba nikiachia kelele zinaisha na napata amani. Kesho yake siku ikiwa nina nguvu sikubali, nachukua fimbo, ananyamaza, najifunza pia kwamba fimbo inanyamazisha. Kwa hiyo kila mmoja anamfundisha mwenzake kupanda juu zaidi, siku mia kwa mwaka, na hakuna aliyekaa akapanga. Nilisoma hiyo sehemu mara nne.

Sasa rudi kwenye mbalamwezi. Giza, sheria ni za mama aliyechoka, leo naachia kesho nachapa. Mbalamwezi, sheria ni za baba, ambaye haachii kitu. Mtoto anaishi kwenye nyumba yenye serikali mbili zinazopokezana kwa mwezi. Nikachukua kalenda nikahesabu siku nilizoitwa shule, nyingi zimeangukia zile siku tatu nne baada ya baba yake kuondoka. Sijui kusema ni hasira za kuchapwa au ni kummiss baba. Nadhani yote.

Kuhusu viboko nilitafuta cha kwetu, nisije nikaambiwa hayo ni ya wazungu. Kuna utafiti ulitoka 2014, wa Tobias Hecker na wenzake, watoto 409 wa shule ya msingi hapa hapa Tanzania, umri wa wastani miaka kumi na nusu. Asilimia 95 walishachapwa angalau mara moja, nyumbani na shuleni. Na waliochapwa zaidi ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya tabia, na ule moyo wa kusaidia wengine ukawa mdogo kwao. Baba Masanja nilivyomsomea akasema wanachapwa kwa sababu ni wakorofi, si kwamba ni wakorofi kwa sababu wanachapwa. Na hoja yake ni ya haki kabisa, utafiti ule ulipima mara moja tu, haukufuata watoto miaka, hauwezi kusema kipi kilitangulia. Ila nikamuuliza, baba Masanja, kiboko kingekuwa kinaponya, si huyu angekuwa ameshapona? Alinyamaza. Na kwa wasiojua, kanuni za serikali shuleni mwisho ni viboko vinne, anachapa mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa kwa maandishi, na inaandikwa kwenye kitabu. Muulizeni mtoto wako jana walichapwa vingapi na nani aliandika.

Sasa hapa ndo pamenifanya niandike yote haya. Mbalamwezi ya mwezi wa pili kikakaliwa kikao cha familia. Shemeji mkubwa akaleta wazo kwamba kuna bweni mahali wanapokea watoto walioshindikana, wanawekwa pamoja wananyooshwa, ada tuchange. Wengi wakakubali, na walikubali kwa upendo, walitaka kunipumzisha. Mimi nikaomba muda, mwanamke kuomba muda kwenye kikao kile sio jambo dogo, mama mkwe ndiye aliyenisaidia akasema mwacheni mayu, yaani mama, aseme.

Nikawahadithia habari ya Massachusetts, kule Marekani. Mwaka 1939 kule walianza mpango mkubwa wa kuwasaidia wavulana wa mitaa ya kimaskini, umri wao kama wa Masanja. Wavulana 506, wamepangwa wawili wawili wanaofanana, mmoja anasaidiwa mwenzake anaachwa aendelee na maisha yake. Wanaosaidiwa walipata mshauri anawatembelea nyumbani kama mara mbili kwa mwezi, wengine masomo ya ziada, matibabu, na kambi za likizo, kwa miaka kama mitano hivi. Miaka 30 baadaye mama mmoja mtafiti, Joan McCord, akawatafuta wale watu wazima sasa, mmoja mmoja. Matokeo aliyatoa 1978. Theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mpango uliwasaidia, wanawakumbuka washauri wao kwa mapenzi. Lakini alipoangalia kumbukumbu za mahakama na hospitali na vifo, waliosaidiwa hawakuwa wameshinda wenzao, na kwenye baadhi ya mambo walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa, ulevi, kurudia uhalifu, hata kufa mapema. Na baadaye alipochambua tena, wakati huo akiandika na Thomas Dishion, ikaonekana madhara yamejikusanya kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Kambini kuna nini? Huyo Dishion alikuwa anawarekodi vijana wa miaka 13, 14 wakipiga stori na marafiki. Aliona kwamba mmoja akisema habari ya kuvunja sheria wenzake wakacheka, hicho kicheko ndo malipo, na vijana waliochekewa sana kwa stori za hivyo ndio walioharibika zaidi miaka iliyofuata. Nikawaambia wazee wangu, mkimuweka Masanja chumba kimoja na watoto ishirini walioshindikana, usiku taa ikizimwa nani atakuwa mwalimu?

Shemeji aliuliza kwa hiyo tukae tu tumuangalie. Nikasema hapana, mafunzo yale ya mzazi niliyoyanunia, nitayafanya, na baba yake ayafanye. Hata Uingereza mwongozo wao wa 2013 kwa watoto wa miaka 3 mpaka 11 unaanza na mafunzo ya wazazi. Wakatupa miezi sita.

Mafunzo yenyewe yanaonekana madogo mpaka uyafanye. La kwanza, kila siku dakika tano au kumi za mtoto, yeye ndo anaongoza mchezo, wewe huulizi, huamrishi, hukosoi, unafuata. Masanja anatengeneza mitumbwi kwa madumu. Siku ya kwanza nilikaa pembeni yake nikawa sina neno la kusema ambalo sio amri, nikagundua mdomo wangu hauna maneno mengine kwa huyu mtoto. La pili, kumsifia kwa kutaja kitu chenyewe, sio "umekuwa mzuri", ni "umegeuza dagaa kabla sijakwambia, asante". Kwetu kumsifia mtoto tunaogopa ataringa, na mimi niliogopa, na kweli mara ya kwanza aliniangalia kama namtega. La tatu, sheria chache zisizobadilika. Tumeweka mbili, kwenda shule na kutopiga mtu, na adhabu yake inajulikana, anakosa kwenda mwaloni jioni, ni hiyo hiyo iwe giza iwe mbalamwezi. Mengine madogo ya kununa na kubwata napita kama sijasikia.

Daktari alionya kwamba ukiacha kuachia, kwanza itakuwa mbaya zaidi, mtoto atapandisha kelele kutafuta kile kiwango chake cha zamani. Wiki ya tatu alivunja dirisha. Nilikuwa na fimbo mkononi, nikaiweka chini mikono inatetemeka, nikamwambia leo huendi mwaloni, nikaenda kukaa chooni nikalia. Baba yake nilimpigia, huko kisiwani mtandao unashika sehemu moja tu juu ya jiwe, akasema mwambie ni sheria ya nyumba. Hakusema nikija atanitambua. Kwa mwanaume aliyelelewa kwa fimbo, na anayeamini fimbo ndo ilimfanya mtu, sijui kama mnaelewa neno hilo lilikuwa zito kiasi gani kwangu.

Katika ile miezi sita, tuko kwenye wa nne sasa. Shule nimeitwa mara moja. Hela hazijapotea ila bado nalala na pochi chini ya mto. Kupigana bado kupo, kumepungua. Nimesoma pia kwamba kuna wanaoanza ukorofi utotoni na wanaoanza ujanani tu kwa kufuata mkumbo kisha wengi wanaacha, Terrie Moffitt aliandika hivyo 1993, amewafuatilia watu zaidi ya elfu moja waliozaliwa Dunedin kule New Zealand 1972 na 73, na wa kwangu ameanza mapema, kwa hiyo sijalala usingizi wa moja kwa moja bado.

Giza limeanza juzi, baba yake kaondoka. Hizi ndo zile siku tatu nne. Asubuhi Masanja kakataa kuoga, kabwata weee, nikapita, akaenda shule na vumbi lake miguuni. Alhamisi tuna kliniki, tunajaza ile fomu tena, na safari hii kuna upande wa mwalimu, nimeupeleka mwenyewe shuleni nikamuomba ajaze maswali yote 25, asiruke yale ya huruma.