Anza na Synge, Joyce atangoja

Makundi ya kusoma yanayotaka kuwajua waandishi wakubwa wa Uingereza na Ayalandi wa mwanzoni mwa karne ya 20 hushikwa na tamaa moja: kufungua Ulysses, riwaya ya James Joyce, kwanza, kwa kuwa ndicho kitabu kinachotajwa sana. Hapo ndipo mambo huharibika. Sura ya tatu inamfuata kijana mmoja anayetembea ufukweni huku kichwa chake kikiruka kutoka falsafa hadi Kilatini, na ikifika hapo, nusu ya wanachama wameshapata udhuru. Kosa si Kiingereza chao. Kazi hizi zinadai sikio, na sikio hufunzwa kwa kazi fupi kabla ya ndefu.

Kwa msomaji wa Kisumu, Homa Bay au Mbita, kazi fupi ya kuanzia ni Riders to the Sea ya J. M. Synge. Synge alizaliwa 1871, na mwaka 1898 alikwenda kwa mara ya kwanza visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, akakaa akisikiliza jinsi wavuvi wanavyozungumza. Tamthilia hii ya kitendo kimoja iliigizwa Dublin mwaka 1904. Kuisoma kwa sauti kunachukua kama nusu saa, na sauti nne zinatosha kuibeba: Maurya, mama mzee ambaye bahari imemnyang'anya wanaume wa nyumba yake, binti zake Cathleen na Nora, na Bartley, mwana pekee aliyebaki hai. Watu wa ziwani hawatahitaji kuelezwa kwa nini mama huyu hataki mwanawe avuke maji siku hiyo.

Fuateni vitu. Mbao nyeupe za jeneza zimeegemezwa ukutani tangu pazia linapofunguka. Kuna kamba mpya ambayo Maurya anataka ibaki kwa ajili ya maziko, lakini Bartley anaichukua aifanye hatamu ya farasi. Kuna mkate unaosahaulika nyumbani. Mwishoni inagunduliwa kwamba mbao zilinunuliwa bila misumari. Muhimu kuliko vyote ni soksi ya Michael, ndugu aliyezama: Nora anaitambua kwa sababu aliifuma mwenyewe, akaanza na vitanzi 60 na vinne vikamtoka. Anahesabu, na hesabu inatimia. Msomaji wa Nora asiharakishe hapo. Mchezo mzima umeegemea hesabu hiyo.

Kosa ambalo hutokea sana ni msomaji wa Maurya kuanza kulia tangu ukurasa wa kwanza. Hotuba yake ya mwisho imetulia, kwa kuwa bahari haina tena cha kumchukulia. Sauti ikishachoka kwa kilio, utulivu huo hausikiki. Kosa la pili ni kunyoosha sentensi. Kiingereza cha Synge kimefuata mpangilio wa Kiayalandi, kwa hiyo kitenzi hukaa mahali msipokitarajia. Kisomeni kilivyo. Sisi ambao Kiingereza chetu hubeba mdundo wa lugha za nyumbani tuna faida hapo.

Karatasi zisiwe tatizo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Synge alifariki 1909, Joseph Conrad 1924, D. H. Lawrence 1930, mshairi W. B. Yeats 1939, Joyce na Virginia Woolf 1941, kwa hiyo maandishi yao yako huru. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, ina mengi yao bure, na faili la maandishi matupu halili bando. Lipelekeni saiba, mchapishe pande zote mbili, mwache pambizo pana upande wa kulia kwa penseli. Lakini dibaji na maelezo ya wahariri katika matoleo mapya bado yana mwenyewe, msiyatoe kopi.

Baada ya Synge, nendeni Dubliners, mkusanyiko wa hadithi fupi za Joyce. Joyce alianza kuipeleka kwa wachapishaji 1905, ikatoka 1914, maana waliogopa majina halisi ya baa na maneno makali. Hadithi ni 15, nanyi someni tatu kwanza: Eveline, Araby, kisha The Dead. Katika Eveline msichana ameketi dirishani na maisha mapya yanamwita Buenos Aires. Pigieni mstari kila mahali vumbi linapotajwa, halafu kila tendo ambalo Eveline analifanya mwenyewe. Orodha ya pili itakuwa fupi mno, na mkifika gatini mtaelewa kwa nini ameng'ang'ania chuma. The Dead huwachosha wengi kwenye karamu ya chakula. Dawa yake ni kuweka alama kwa wanawake watatu wanaomjibu Gabriel, mhusika mkuu, jibu asilolitazamia: Lily mlangoni, Miss Ivors kwenye dansi, Gretta hotelini. Kila mmoja anamvua kitu, na bila hao wawili wa kwanza, wa tatu hana uzito.

Virginia Woolf ndiye ninayempenda kuliko wote, na ndiye anayesomwa vibaya zaidi. Mrs Dalloway ya 1925 ni siku moja ya Juni jijini London, na haina sura. Akili inayosimulia hubadilika katikati ya aya bila kubisha hodi. Shikeni penseli, na kila mnapohamia akili nyingine andikeni herufi ya jina pambizoni: C ya Clarissa, ndiye Mrs Dalloway mwenyewe, P ya Peter, S ya Septimus. Mtagundua kwamba Woolf hahamishi ovyo. Karibu kila mara kuna kitu ambacho watu wawili wanakisikia au kukiona pamoja, kama mlio wa gari, ndege inayoandika moshi angani, au kengele ya Big Ben. Msisimame katikati ya aya ndefu, kwani mkirudi kesho yake hamtajua mko ndani ya nani; kurasa kumi kwa kikao zinatosha. Na mkijadili kwa Kiswahili, tajeni jina kila mara, maana kitenzi chetu hakiwatenganishi mwanamke na mwanamume, na Clarissa atachanganyika na Septimus upesi. Wawili hao hawakutani kabisa. Habari za kifo cha Septimus zinamfikia Clarissa kwenye karamu, na hapo ndipo kitabu kinafungana.

Yeats msomeni kwa shairi la The Second Coming, mistari 22, lililoandikwa 1919 baada ya vita kuu. Wengi wenu mmekutana na mistari yake minne ya kwanza bila kujua, kwani Achebe aliiweka mwanzoni mwa Things Fall Apart. Beti la kwanza lina mistari minane: lisomeni, mnyamaze, ndipo mwendelee na 14 iliyobaki. Conrad naye asisomwe peke yake. Heart of Darkness, riwaya yake fupi, iende wiki moja na mhadhara wa Achebe wa 1975 unaoishambulia kwa ubaguzi wa rangi, mpime hoja kwa hoja. Forster na Lawrence hawahitaji mbinu. A Passage to India ya Forster na Sons and Lovers ya Lawrence zinasomeka zenyewe.

Sasa Ulysses, iliyochapishwa Paris tarehe 2 Februari 1922. Anzeni sura ya nne, Bloom, mhusika mkuu, akimwandalia mkewe kiamshakinywa na kuunguza figo. Someni ya tano, kisha ya sita, ambamo waombolezaji ndani ya gari la farasi wanazungumza madeni na siasa, kama ilivyo kwenye basi la matanga lolote linaloelekea Siaya. Ndipo mrudi kwa zile tatu za mwanzo. Sura ya 14 mnaweza kuiruka kwa mara ya kwanza. Ya mwisho ina sentensi nane tu, karibu bila alama za uandishi. Gawaneni sentensi hizo, mmoja asome kwa sauti na wengine waweke kistari cha penseli kila mahali anapovuta pumzi, kisha mlinganishe vistari vyenu.