Korosho ndani ya mkoba
Jana tulikuwa kwenye harusi ya binamu yangu Mikindani. Leo simu inaita tangu asubuhi: "Mwaya, ulichangamka kweli jana!" Sijapokea hata moja. Acha niseme hapa.

Nina usonji na ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia sehemu moja, vyote viwili. Mkono wa kulia ulikuwa unapokea salamu, wa kushoto uko ndani ya mkoba unasugua korosho moja yenye ganda: laini mgongoni, halafu kile kibonde chake tumboni. Nikawa nahesabu. Mtazame shangazi machoni, moja, mbili, tatu, geuka, cheka. Spika zikipiga nazisikia mpaka kwenye meno. Nusu ya kichwa inataka kila kitu kiwe kama jana, nusu nyingine jana imeshaichosha. Zinagombana kutwa, na mimi natabasamu tu.

Hadi mwaka 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, ambao unafuatwa pia katika nchi nyingine, haukuruhusu mtu mmoja kuambiwa ana vyote viwili. Mimi shuleni niliitwa mvivu na mwenye kiburi, basi. Inaniuma hadi leo.

Usiku nimerudi Shangani, nikazima taa, nikalala kwenye sakafu ya saruji kwa sababu ni baridi na haiongei. Kulipokucha mama aliingia. Hakuuliza kitu. Aliweka uji karibu na kichwa changu, akarudishia mlango polepole, usibamize.